Ndege Aliyemwita Mama Mkwe

Ng'ambo, Tabora

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepungua kuuma na njia ya shambani inapitika. Sisi huku hatujambo, na cherehani bado inatulisha. Kwenye simu nilikuambia tu kwamba tulikwenda mapumziko Sikonge. Mengine naona haya kuyasema kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Unajua mama mkwe anaishi nasi tangu macho yake yalipoanza kufifia. Mama, nilikuwa nimechoka. Nilimwomba mume wangu tumpeleke kwa shemeji, mdogo wake aliyehamia mbele ya Sikonge. Tukakubaliana tusimwambie: tupange nyumba porini siku nne, watoto wapumzike, halafu siku ya tano tumfikishe huko na mabegi yake.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili, peke yake katikati ya miombo. Mimi mtoto wa milima ya Lushoto nimezoea kuona mbali. Pale kila upande ni miti, na kimya kiasi cha kusikia jani likianguka. Watoto walishusha sauti bila kuambiwa.

Asubuhi ya tatu tulikuwa barazani tunakunywa uji. Ndege mdogo wa rangi ya vumbi alitua karibu, akalia kama mtu anayetikisa kiberiti. Mama mkwe akaweka kikombe chini, akapiga mluzi. Ndege akajibu.

"Anatuita kwenye asali," alisema. "Twendeni."

Mama, mtu ninayemwongoza hadi chooni alitutangulia msituni, mkono begani kwa binti yangu, akipiga mluzi kila ndege aliponyamaza. Ndege anaruka mti mmoja, anatungoja, anaita tena. Mume wangu alininong'oneza kwamba marehemu baba yake alikuwa mrina asali na mama yake alifuatana naye miaka yote. Yeye alidhani ni hadithi tu za kuwalaza watoto.

Baada ya karibu saa nzima, ndege alitulia juu ya mti mnene wenye tundu. Mama mkwe alipapasa gome, akaniita, akabandika kiganja changu pale. Mti ulikuwa unanguruma ndani kwa ndani, kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka kijiji cha pili. Asali tuliiacha, maana hatukuwa na moto wala shoka.

Tukiwa njiani kurudi, alinivuta pembeni.

"Najua mnanipeleka kwa mwanangu mdogo," alisema taratibu. "Niliwasikia mkifunga nguo zangu zote. Sina kinyongo, mwanangu. Asanteni kwa kunipitisha huku kwanza."

Nilikaa chini palepale nikalia, nikamwomba radhi. Alinishika kichwa, akaniambia niinuke, siafu watanipanda.

Siku ya tano tulikula mchana kwa shemeji, tukarudi na mama mkwe Tabora. Kazi haijapungua, na juzi tu nilimkaripia kwa maji aliyomwaga. Lakini nikimtazama sasa naona mtu ambaye nilikaa naye miaka miwili bila kumjua.

Nisalimie baba mdogo, na dada mkubwa anayekusomea haya. Mwambie shangazi gauni lake liko tayari.

Nawe Mama, siku macho yako yakichoka, usinifiche kwa kunionea huruma. Niambie, nije nikuchukue.

Mwanao akupendaye,
Mariamu