Kompyuta Bubu na Sikio la Bibi

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko kwenye baridi? Natumaini u mzima, na kile kikohozi unachotuficha kwenye simu kimekwisha. Sisi huku wazima. Mama mzima, dada mzima ila mdomo haujapungua, na mimi ndiyo usiseme, nimerefuka mpaka mlango wa jikoni naupita nimeinama. Bibi naye mzima, lakini habari zake ndizo zimenishikisha kalamu.

Naandika barua kwa sababu simu ya nyumbani inasomwa na kila mtu. Isome peke yako.

Kwanza kabisa, ule ujumbe niliokutumia Jumanne, kwamba Bibi amesikia maneno yako na amekubali uoe, ufute. Usipange siku. Tulia nikueleze.

Dereva wa lori aliifikisha kompyuta yako, pamoja na spika zake ndogo, spika za masikioni, na flashi yenye sauti yako. Nikaiunganisha mwenyewe sebuleni, bila kuuliza mtu. Hata ile kebo ya skrini uliyoweka, pana, yenye skrubu pembeni, niliiona ya kizamani nikaitupa kabatini. Nikaazima mpya nyembamba kwa jirani mwenye kibanda cha kuonyesha mpira. Picha ikatulia kama kioo. Nikawaita watu wote, nikafungua rekodi yako. Vistari vinapanda na kushuka, dakika zinahesabika, sauti hakuna. Kimya kama darasa letu likiulizwa hesabu.

Bibi alikuwa kashakaa mbele, kavaa nguo yake ya wageni. Akavitazama vile vistari, akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Nimekusikia, mjukuu wangu. Sawa kabisa." Mama akauliza kutoka jikoni, "Amekubali?" Bibi akajibu, "Si nimesema sawa?" Mama akaniamuru nikutumie ujumbe, nikatuma. Ningesemaje, Kaka? Wiki nzima nilishajigamba kwamba itaongea. Nilijishika masikio nikidhani mimi ndiye kiziwi.

Basi nikaanza upelelezi. Kwanza nilimshuku dereva, maana boksi lilikuwa na gundi mara mbili. Halafu nikakushuku wewe. Umetuwekea hiyo Linux ya kuiendesha kompyuta, unasema ni ya bure, wenye ujuzi wameitengeneza wakaigawa. Tangu lini? Watu wazima, na akili zao, wafanye kazi yote hiyo wasitake kitu? Nikasema hawa wameizuia sauti makusudi, tukiishapiga magoti ndipo wataitoa.

Nikaingia mtandaoni. Mtu mmoja akaandika kwamba driva ya sauti, yaani kiprogramu kinachoiamsha kadi ya sauti, imekosekana, nifungue lile dirisha jeusi niandike amri zake. Nikaandika. Likaniomba neno la siri. Kaka, naandika na halionekani hata nukta! Nani analimeza? Nikaandika hivyo hivyo, huku nimeufunika ubao wa herufi kwa mkono. Kumbe ile driva ilikuwa ya kadi nyingine kabisa. Nilipoiwasha kompyuta upya, hata kile kialama cha spika kikatoweka. Siku mbili za kung'oa nilichopanda ndipo kikarudi, na kimya kilekile.

Dada akamleta Fundi Miwani, yule wa redio pale kona. Nilimsimamia kama askari asije akachomoa kitu. Akatazama, akanung'unika, akasema, "Driva yako nzima tangu siku ya kwanza. Hii kebo kaileta nani?"

"Mimi."

"Basi mwizi unaye. Hii inabeba picha na sauti pamoja. Kompyuta imeiona, imepeleka sauti yote kwenye skrini, na skrini yako haina spika."

Akafungua mipangilio ya sauti, akachagua tundu la nyuma la spika ndogo. Kubonyeza mara moja tu! Kikohozi chako kikalipuka mpaka dada akaangusha ndoo. Tukapiga kelele wote. Bibi alikuwa ametupa mgongo, anachambua maharage. Hakugeuka.

Nikamshika bega, nikamkalisha mbele. Akavitazama vistari, akatikisa kichwa, akacheka palepale alipocheka Jumanne. "Nimekusikia, mjukuu wangu. Sawa kabisa." Na wewe ulikuwa bado unakohoa, hata salamu hujatoa.

Nilingoja watu watoke, nikamvika zile spika za masikioni, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Akaganda. Akanishika mkono, akausikiliza ujumbe wote, akataka tena.

"La kushoto lilishazima," akaniambia. "La kulia nalo linaaga. Ukimwambia mama yako, wataacha kunisimulia mambo, watabaki kunipungia mikono tu. Umesikia, mume wangu?"

Niliapa sitamwambia mama. Wewe hakukutaja, ndiyo maana nakwambia.

Jibu lake la kweli ni hili: "Kaka yako kamsifu huyo binti dakika nne nzima. Binti mwenyewe mbona hana hata neno? Anamficha nini? Sikubali, sikatai. Nataka nimsikie kwa kinywa chake. Na afanye upesi."

Mimi na Bibi tunakushuku pamoja, Kaka. Kama shemeji yupo kweli, arekodi. Aongee taratibu, asogee karibu na maiki, na wewe ukohoe nje.

Nisalimie rafiki yako mpishi unayekaa naye chumba kimoja. Mama, dada na Fundi Miwani wanakusalimu. Mungu akulinde, akulainishie njia na kifua.

Zile spika za masikioni nimeziweka chini ya mto wa Bibi, upande wa kulia. Kila asubuhi anazigusa, ananiuliza kama dereva wa lori amepita.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikushuku,
Injinia wa Nyumba