Barua ya Hiari Iliyo Chini ya Godoro Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama mwandiko unakupa shida nisamehe, nimekaa juu ya furushi la nyavu kwenye stoo ya vifaa vya michezo, nimesema nakuja kuhesabu mipira, na kuna mtu mzuri ambaye sitamtaja amekubali kuitoa barua hii nje ya geti, kwa sababu barua zetu zote hupita ofisini na kusomwa kwanza, na hii ikisomwa pale nimekwisha.

Mimi ni dada mkuu wa shule moja binafsi ya bweni ya wasichana, nina miaka kumi na minane na niko mwaka wa mwisho. Getini kwetu kuna ubao mkubwa wa bluu, unaandikwa matokeo ya mtihani wa taifa ya kila mwaka, na chini yake kuna maneno makubwa, HAKUNA ALIYEFELI, miaka tisa mfululizo, na wazazi wanaokuja kutafuta nafasi husimama pale wakasoma, wakatazamana, wakaridhika kabla hata hawajaona darasa. Hata mimi nilisimama pale na baba yangu. Hakuna anayejiuliza inakuwaje shule nzima ikae miaka tisa asifeli hata mtu mmoja. Mimi najua inakuwaje, kwa sababu mwaka huu kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu.

Inakuwa hivi. Mtihani wa majaribio ukishasahihishwa, Mkuu wa shule anajifungia na mwalimu wa taaluma, wanapiga mstari mwekundu chini ya majina ya wale wanaoona watashusha wastani, halafu hao wanatakiwa wakafanyie mtihani kwenye kituo cha nje, pamoja na watu wazima wanaorudia, kwa namba isiyo ya shule yetu. Hawafukuzwi, thubutu, Mkuu ni mjanja, kila mmoja lazima aandike barua mwenyewe ya kuomba kuondoka kwa hiari yake, ili mzazi akija juu aonyeshwe mwandiko wa mwanawe anyamaze. Na anayetumwa kuwashawishi si mwalimu, ni dada mkuu. Kila dada mkuu aliyenitangulia ameifanya, ofisini wanaiita ushauri wa dada kwa dada, na ina faili lake kabatini.

Mwaka huu waliopigwa mstari ni wanne. Watatu nimewamaliza ndani ya wiki moja. Nilikuwa namkalisha mmoja mmoja kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia, namwambia kule kuna utulivu, hakuna presha, mtihani ni uleule, kisha namtolea mfano wa barua niliouandika mimi, ananakili, anaweka sahihi. Mmoja alilia akaniuliza, "Dada, kwani mimi ni mjinga sana?" Nikamwambia hapana mpenzi, ni kwa faida yako. Nilisema hivyo bila kupepesa macho.

Wa nne ni msaidizi wangu. Analala kitanda cha juu, mimi cha chini, tangu siku ya kwanza tulipofika hapa tukilia wote wawili kwa kuwakumbuka mama zetu. Bweni zima linamwita Kengele, kwa sababu kengele ya kuamsha watu saa kumi na moja alfajiri ni kazi ya dada mkuu, lakini anayeipiga ni yeye. Na Kengele si mjinga, mshauri! Hesabu nimefundishwa na yeye, si na mwalimu. Tatizo ni kwamba mihula hii miwili Mkuu amekuwa akinizungusha, leo mdahalo, kesho mashindano ya risala, keshokutwa wageni, mimi ndiye sura ya shule, napanda basi la shule sketi imenyooka kwa pasi, na huku nyuma nani anasimamia prepu, nani anapanga zamu za usafi, nani anawapeleka wagonjwa zahanati, nani anaandika ripoti ya wiki ambayo mimi naijia kuweka sahihi tu? Wiki moja kabla ya mtihani wa majaribio bweni letu liliingiliwa na ugonjwa wa macho mekundu, mimi nilikuwa kwenye mdahalo mji mwingine, narudi Jumapili nakuta daftari zangu zimepangwa kitandani, kila somo na muhtasari wake, kwa mwandiko wake, na yeye mwenyewe macho yamevimba hasomi hata ubao. Mimi nikawa wa kwanza. Yeye akapigwa mstari mwekundu.

Nilikwenda ofisini, usidhani sikwenda. Nikamwambia, "Mkuu, huyu hakushuka kwa uvivu, alikuwa anafanya kazi zangu." Akatabasamu, akafungua droo, akaniwekea mezani barua yangu ya mapendekezo ya chuo, imechapwa vizuri, ina muhuri, ila haina sahihi. Akasema, "Kiongozi ni yule anayeweza jambo gumu, binti yangu. Niletee ya nne, tuzimalize zote mbili siku moja." Binti yangu! Nilitamani nipindue ile meza na kikombe chake cha chai.

Sikupindua. Nilikwenda nikamkalisha Kengele kwenye benchi lilelile, nikamwambia maneno yaleyale ya utulivu, na unajua alinijibu nini? "Kama ni wewe unayesema, sawa." Akanakili, akaweka sahihi, akanikabidhi, akaenda kupiga kengele ya chakula cha mchana. Hakuuliza hata swali moja! Na tangu hapo, mshauri, nina hasira, namkasirikia Mkuu, ndiyo, lakini yeye Kengele namkasirikia zaidi, kwa nini asikatae, kwa nini asinitukane, anaamka ananisalimia kama kawaida, ananiwekea nafasi mezani, mimi namjibu kwa mkato, na jana nimemwandika kwenye daftari la makosa kwa kuchelewa mstarini wakati najua alichelewa kwa sababu alikuwa anafunga bweni, kazi yangu hiyohiyo.

Barua yake iko chini ya godoro langu, leo siku ya nne. Orodha ya watahiniwa inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo saa sita mchana. Nikiipeleka, Kengele anaondoka, na mama yake hajui lolote, yeye anachojua ni kwamba mwanawe ni msaidizi wa dada mkuu na anatembea kifua mbele. Nisipoipeleka, beji navuliwa mstarini mbele ya shule nzima, barua ya chuo siioni, na baba yangu ameshautangazia ukoo wote, shangazi yangu ameshashona na nguo ya kunisindikiza. Nifanyeje? Usiniambie nisali, nimeshasali. Na usitaje jina langu.

Ni mimi, Dada Mkuu.

JIBU

Dada Mkuu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia Mkuu wako. Mara ya pili nikakukasirikia wewe. Bado sijapoa, kwa hiyo kaa vizuri hapo juu ya nyavu zako unisikilize.

Kwanza pole, na ninaisema kwa moyo. Mtu mzima mwenye ofisi na muhuri ana kazi chafu anayoona haya kuifanya mwenyewe, anamtwisha mtoto wa watu, kisha anamwambia huo ndio uongozi. Huo ni uoga uliovaa tai. Mwalimu kazi yake ni kumfundisha anayeshindwa. Anayemficha anayeshindwa ili ubao wa getini upendeze ana kazi nyingine, sijui inaitwaje, lakini ualimu siyo. Una kila haki ya kukasirika.

Pole imeishia hapo. Umeniandikia kurasa nne, nimetafuta mahali ulipoomba radhi, nimekuta mahali pamoja tu, mstari wa kwanza, umeniomba mimi, kwa ajili ya mwandiko! Wale watatu hujawaomba. Kengele hujamwomba. Yeye umemwandika kwenye daftari la makosa. Ala! Mtu amekuamsha, amekufundisha, amekufanyia kazi mihula miwili, amekuandikia muhtasari macho yamevimba, na malipo yake ni kuandikwa mchelewaji?

Unauliza kwa nini hakukataa. Hakukataa kwa sababu aliyemwambia ni wewe. Angekwenda Mkuu mwenyewe, Kengele angemuuliza maswali kumi, na Mkuu analijua hilo, ndiyo maana amekaa na chai yake akakutuma wewe. Huna hasira na Kengele, mwanangu. Kila ukimtazama unakumbuka ulichomfanyia, na kukumbuka kunakuchoma, basi unamfokea yeye. Acha mara moja.

Sasa sikia la kufanya. Gazeti hili linatoka Jumatano, una leo na kesho. Jina lako sikulitaja, lakini usijidanganye, ofisini kwenu wakisoma mistari mitatu watakujua, kwa hiyo usingoje kuitwa. Mapumziko ya leo mchana, itoe hiyo barua chini ya godoro umpe mwenyewe mkononi. Mweleze yote bila kupaka sukari: kwamba habari ya utulivu ulimtungia, kwamba mstari mwekundu ulipigwa kwa ajili ya wastani, kwamba hakuna anayeweza kumlazimisha kuandika barua ile, kwamba alama zake zilishuka akiwa anafanya kazi zako, na kwamba ulionyeshwa barua yako ya chuo ukamuuza. Tumia neno hilohilo, kumuuza, usitafute jingine laini. Ukimaliza, nyamaza. Akikufokea, mwache afoke. Akilia, usimbembeleze ili wewe ujisikie vizuri. Akiichana, aichane, na akiamua kuondoka kwa akili yake akijua ukweli, ni haki yake. Ila usimtungie tena hata neno moja.

Halafu wale watatu, ulidhani nimewasahau? Umewasahau wewe, kwenye kurasa zako nne wamepata kipande kidogo. Anza na yule aliyekuuliza kama ni mjinga. Mwambie mjinga siku ile alikuwepo pale kwenye benchi, ila hakuwa yeye. Barua zao ziko ofisini, lakini orodha haijafungwa, na aliyeomba anaweza kusema ameghairi. Kila mmoja aandike kwa maneno yake, mistari miwili inatosha, kwamba anaifuta barua ya mwanzo na atafanya mtihani shuleni kwake, aweke tarehe, abaki na nakala. Na wazazi wao, pamoja na mama yake Kengele, wajue kabla ya Ijumaa. Huyo mtu mzuri aliyekutolea barua hii anaweza kutoa karatasi nyingine ndogo yenye namba tano za simu na ujumbe wako, awapigie. Nimesema tano, kwa sababu ya tano ni ya baba yako. Ajue kutoka kwako, asije akajulia mstarini. Atakasirika, ndiyo, mzazi yeyote angekasirika, lakini baba aliyesimama na wewe mbele ya ule ubao ndiye anayefaa kusimama mbele ya Mkuu amuulize ubao huo umeandikwaje.

Kuhusu beji, huenda ukavuliwa. Vuliwa. Utaaibika asubuhi moja na mchana utakula kama kawaida. Kuhusu barua ya chuo, alama ni zako, hazikai kwenye droo ya mtu, na katika walimu wote waliokufundisha hakosekani mmoja wa kukuandikia mapendekezo bila kukudai kichwa cha rafiki yako. Mwendee. Na kama chuo kitachelewa mwaka, nguo ya shangazi yako haiozi, itavaliwa.

Na wewe Mkuu, kwa kuwa najua gazeti hufika mezani kwako kabla halijafika maktaba: hao wanne wamekaa kwenye madarasa yako miaka yote hiyo. Kama hawajui kitu, hujafundisha. Kama wanajua, unawaonea. Chagua moja, kisha toka nje ukaandike kwenye ule ubao wako wa bluu, kwa rangi ileile, kwamba mwaka huu watafanya mtihani wote. Na barua ya chuo ya binti huyu itie sahihi leo, ulishaona mwenyewe kwamba anaistahili, ndiyo maana ulikuwa umeshaichapa.

Dada Mkuu, kuna moja limebaki, na hili halihitaji kikao wala sahihi ya mtu. Saa kumi na moja alfajiri kesho amka wewe, shuka utembee mpaka kwenye ile kengele, uipige kwa mkono wako. Na yule wa kitanda cha juu mwache alale kidogo. Ana mtihani.