Kaburi Lako Limeingia Kwenye Ramani

Mama,

Barua za zamani zilianza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima, hofu ni kwa yule aliye mbali na macho yake. Mimi ni mzima. Wewe si mbali. Nimekaa barazani na kutoka hapa nayaona mawe yako mawili, la kichwani na la miguuni, na ule mrehani katikati yake. Ningeweza kuja kusimama pale nikakueleza, lakini nimejaribu mara tatu na kila mara nimeishia kung'oa majani na kurudi ndani.

Kitalu kimekataliwa.

Nimeanza na hilo ili lipite. Sasa nikuhadithie lilivyokuwa, maana ungetaka kujua kila kitu, hata wakaguzi walikuja wamevaa nini.

Unakumbuka siku tuliyoandika ombi? Wewe unajaza udongo kwenye vifuko vya viriba, mimi nimeweka karatasi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilitaka kuandika "vimiche vya Bi Mize", ukanikemea: "Andika bustani ya miche, Rukia. Wakubwa hawataki mzaha." Ukanitajia vyote kimoja kimoja: mikarafuu, mishokishoki, michungwa, asumini kwa ajili ya maharusi. Banda la kuuzia kando ya barabara. Na kisima, kwa sababu maji ya bomba hapa Mgogoni yanakuja yanapotaka yenyewe.

Ombi lilikaa ofisini ukaugua. Likakaa ukafa. Likakaa tukasoma hitima, wageni wakarudi makwao, na mimi nikabaki na miche yako mia na ushei ambayo haikujua kama kumefiwa. Ndipo sheha akaja kuniambia wakaguzi wa mipango wanakuja kuangalia eneo. Nilifurahi, Mama. Nilifurahi hata nikataka kuja kukuita.

Sasa nisikilize, na usinikasirikie.

Siku uliyofariki, mjomba Hamadi alikuja mlangoni kuniuliza tuchimbe wapi. Walikuwa wameanza karibu na mshelisheli, wakakutana na jiwe. Kiangazi kile unakijua, jembe lilikuwa linaruka. Watu wamesimama, wewe umeshaoshwa, jua linapanda. Mimi nilichokuwa nacho kichwani ni kimoja tu, kwamba usilale penye jiwe. Nikatoka hadi kwenye mdalasini, pale penye udongo laini, nikamwambia, "Hapa." Kijiti chako kilikuwepo, kile ulichokifunga kitambaa cha kanga. Nilikiona. Nikaking'oa kwa mkono wangu mwenyewe ili wachimbe.

Udongo ule ulikuwa laini kwa sababu ulishachimbwa. Pale ndipo fundi wa visima alipotoboa shimo la kujaribia, kina cha watu wawili, baada ya yale mashimo mengine kukupa moja jiwe na moja maji ya chumvi. Akavuta kopo kwa kamba, ukanipa mimi kwanza. "Onja. Matamu, au mie najidanganya?" Yalikuwa matamu. Ukafukia shimo watoto wasije wakatumbukia, ukachomeka kijiti, ukasema ruhusa ikija tunachimba hapa. Yote hayo nilikuwa nayajua. Siku ile sikukumbuka hata moja.

Jioni ya kuamkia ukaguzi, mjomba alikaa hapa barazani na kahawa yake. Yeye ndiye aliyeanza kuliona. Kisima hakichimbwi karibu na kaburi, alisema, na bila kisima hawatupi ruhusa. Halafu akashusha sauti, kana kwamba utasikia. Kaburi halijajengewa, ni mawe mawili tu na mrehani. Tuyaondoe, tupange viriba juu yake, wakishapita tuyarudishe. "Mize mwenyewe angecheka," akanambia. "Angekwambia yaondoe, mpumbavu weye."

Na ni kweli ungesema hivyo. Hilo ndilo linalonitesa. Kama ungeulizwa wewe, ungejitolea kukanyagwa kwa ajili ya mche wa mkarafuu.

Asubuhi nikaenda. Mjomba amesimama nyuma yangu na viriba viwili mikononi. Nikaliinua jiwe la kichwani. Lilikuwa na umande, na chini yake udongo ulikuwa umebonyea kidogo, umeshika umbo la jiwe. Nikalishika muda, sijui ni muda gani. Nikalirudisha mahali pake. Mjomba akaviweka viriba chini na kuondoka, na mpaka leo akija hapa anasalimia miche kabla yangu.

Wakaja watatu, na sheha. Mkubwa wao ni mtu wa makamo, mzungumzaji wa Kiunguja, kanzu yake safi na viatu vya mvua. Mtu wa heshima, Mama. Ningependa angekuwa mkorofi, ningejua la kufanya. Alipita safu zako zote, akagusa majani, akauliza nani alifunza kubebesha michungwa, kichipukizi juu ya shina jingine, vizuri hivi. Vijana wake wakavuta utepe kutoka barabarani. Banda, wakaandika. Kivuli cha makuti, wakaandika. Kisha wakafika kwenye mdalasini, akauliza, "Na hapa pana nini?"

Sheha akaangalia ndara zake. Anajua, alikuwepo mazikoni. Alikuwa ananiachia mimi.

Nikasema, "Hapa yupo mama yangu."

Yule bwana akavua kofia, akaivaa tena vizuri. Akainua mikono akakusomea Fatiha, na vijana wake nao. Alipomaliza akaniuliza jina lako, ili liandikwe sawasawa. Nikamtajia. Akaliandika kwenye ramani kwa kalamu ya risasi, na kulizungushia duara kubwa, kubwa kuliko banda, limeingia hadi kwenye asumini. Akanieleza polepole kwamba ndani ya duara hilo hapachimbwi kitu. Akaniuliza kama nina maji mahali pengine. Nikaondoa mbao zilizofunika mashimo yako mawili, nikamwonyesha la jiwe na la maji ya chumvi. Akachungulia la kwanza, akachungulia la pili, akasema "pole sana, bibie".

Barua ya kukataliwa imekuja Alhamisi, na nakala ya ramani. Maneno yote yamepigwa chapa. Kilichoandikwa kwa mkono ni kimoja tu: Kaburi la Bi Mize. Ulitaka jina lako likae kwenye kibao barabarani, lisomeke na watu wa gari. Limekaa huku.

Nimefikiri kila njia. Kukuhamisha, sisemi, na hata kulifikiri naona haya. Kununua kiwanja kingine, kwa pesa gani? Kuchota kwa majirani, wao wenyewe wanapanga ndoo foleni. Miche imekuwa mikubwa mno, mizizi imetoboa viriba na kuingia ardhini, na nikivuta mmoja nasikia inakatika. Mishokishoki mitatu imekufa. Nimemlaumu mjomba, nikamlaumu yule bwana na kofia yake, nikakulaumu na wewe kwa kufa kiangazi. Lakini kijiti nilikitoa mimi.

Maji yako, Mama, yale matamu. Umelala juu yake. Nakaa hapa nayafikiria yalivyo chini yako, baridi, na sina njia ya kuyafikia.

Nakuaga sasa, ingawa hapana kati yetu anayekwenda popote. Siwezi tena kukuahidi kitalu. Nilikuahidi zamani na unaona. Mikarafuu nitawapa watu waichukue kabla haijafa, kila anayepita na aliye na shamba, na nitawaambia ni yako. Mjomba nitamtafuta tupatane. Na mawe yako hayatainuliwa tena, si na mimi wala na mtu mwingine nikiwa hai.

Bomba limetoka asubuhi hii, nimejaza ndoo mbili. Moja ya asumini. Ya pili naileta kwenye mrehani wako, na nitamwaga kama ulivyonifunza, taratibu, shinani, maji yapenye mpaka chini.

Mwanao,
Rukia