Neno Lililomtisha Mama Mdogo

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Fundi Saa,
Nyuma ya Hospitali.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka Mrefu,

Hujambo wewe na baridi ya huko? Wifi yangu hajambo? Na mapacha je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa salama. Huku tu wazima wa mwili, ila mimi usingizi umenihama. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu ungenikatiza kwa mizaha yako, nami ningeishia kucheka na kusahau nililotaka kusema.

Masomo yanaendelea. Nipo kwenye utafiti wangu wa mwisho, na wewe uliyenibandika jina la Maswali tangu sijajua kufunga kamba za viatu utafurahi kusikia kwamba sasa kuuliza ndiyo kazi yangu. Ni utafiti wa kimaelezo, yaani siwahesabu watu, nawasikiliza. Msimamizi wangu chuoni alitaka nitumie njia tatu: mahojiano ya mtu mmoja mmoja, majadiliano ya kikundi, na kushuhudia, ambako unakaa na watu kazini ukiwatazama wanavyofanya. Nilichagua chumba cha kufulia cha hospitali kwa sababu mama yako, Mama Mdogo wangu, anafanya kazi pale, nikajua nitapokelewa vizuri. Hapo ndipo nilipojiponza.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya marundo ya mashuka nikatangaza kwa sauti yangu ya darasani, "Nitawahoji mmoja mmoja." Kumbe pale kuhojiwa ni kuitwa ofisini. Mashuka yamekuwa yakipotea, na wawili waliohojiwa wamekwisha kufukuzwa kazi. Ningesema tu "tutazungumza" nisingeharibu kitu. Mimi nikatoa neno la kitabuni, na nyuso zote zikajifunga.

Majadiliano ya kikundi yalikuwa kichekesho. Kila nilichouliza kilikuwa kizuri. Wakubwa wazuri, mashine nzuri, hata ile sabuni inayowababua mikono ni nzuri. Yuko mpiga pasi mmoja wanayemwita Redio kwa kuwa hanyamazi hata akiwa anatafuna. Siku hiyo alitazama dari mwanzo mpaka mwisho.

Kisha ikafika zamu ya Mama Mdogo. Tulikaa wawili tu kwenye stoo ya mablanketi. Kabla sijafungua mdomo akaniwahi. "Mwanangu," akaniambia, "kama ni wao wamekutuma, sema tu." Nikaapa kwamba sikutumwa na mtu. Akanyoosha mkono kutafuta simu yangu iliyokuwa inarekodi, akapapasa meza mpaka akaigusa. "Zima kwanza hiki kidude." Nikazima. Akaniambia jambo, kaka. Alilisema lote huku analia, akidhani nimekwisha kulijua na ndilo lililonipeleka pale. Nilikuwa silijui kabisa.

Mwisho akaniapisha nisimwambie mtu, na hasa wewe, kwa sababu utaacha kazi yako huko urudi. Sasa niambie nifanye nini. Kila ninayezungumza naye namwahidi kwamba atakayoniambia hayatatoka kwangu, na pasipo ahadi hiyo nani atakubali kukaa na mtu kama mimi? Lakini ile simu ilikuwa imezimwa. Alikuwa anazungumza na mtafiti au na mwanawe? Nimejiuliza mpaka kichwa kinaniuma. Nikimwendea msimamizi wangu atataka kujua ni jambo gani, na nakala ya ripoti inakwenda kwa wakubwa wa hospitali. Wakilijua, Mama Mdogo hana kazi. Naogopa kusema, na kunyamaza naogopa zaidi.

Basi nimeamua hivi, na kama nimekosea unisamehe. Aliyoniambia stoo siyasemi. Niliyoyaona kazini nilipokuwa nakaa nao kuwatazama, hayo nayo siyasemi. Lakini jana nilikwenda kwake kama mtoto wa dada yake tu, sina swali wala kalamu. Ya jana ni yangu, na ninampa ninayemtaka.

Jana nilipoingia, kabla sijatoa sauti, alinikaribisha kama jirani, akaniuliza mume wangu amepona kifua. Mimi na mume wapi na wapi! Nilicheka, akacheka na yeye, lakini cheko lake lilichelewa. Alinimiminia chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani, naye akaendelea kumimina hadi nilipomshika mkono. Na ile picha yako ya harusi, anayoifuta vumbi kila asubuhi, imetundikwa kichwa chini. Nilitaka kuigeuza nikashindwa, nikamwambia naenda chooni, nikalia huko.

Ukimpigia simu atakwambia ni mzima, na utamwamini, maana sauti yake ni ile ile. Mimi mwenyewe nilimwamini, na ninaishi naye mji mmoja.

Redio na wenzake wameanza kunizoea, angalau hilo. Mama yangu anakusalimu sana na anauliza kama lile koti lilikutosha. Fundi saa, mwenye nyumba wangu, naye anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mtu anayeandikiwa barua ndefu namna hii lazima awe wa maana. Mpe wifi salamu zangu, na mapacha uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mwenyezi Mungu awatangulie katika kila mnaloshika.

Njoo, kaka. Omba ruhusa kazini, sema lolote, ila uje. Na ukifika usipige hodi. Simama tu mlangoni pa mama yako bila kutoa neno, halafu uone kama atakukimbilia.

Wako akupendaye na asiyelala,
Dada yako, Maswali