Mkate Uliotoka Bombani

Mjukuu wangu Eliamini,

Marahaba. Huku Same hatujambo. Ng'ombe wa shangazi yako amezaa, na goti langu linalalamika kuliko mimi.

Unauliza kwa nini kiungo cha bomba la shaba kinavuja hata baada ya kuongeza lehemu. Hayo yalimpata babu yako siku alipokuja kuniposa kwetu Makanya. Alikuta bomba letu linavuja, akajitolea kulitengeneza. Akalehemu, likavuja. Akaongeza lehemu juu, likavuja tena.

Baba akaguna, "Binti yangu simpi mtu anayeshindwa na tone."

Nikipitisha chai nikamnong'oneza babu yako, "Ndani mna maji, ndiyo maana bomba halipati moto wa kushika lehemu. Sufuria yenye maji haiungui."

Basi akafunga maji, akakifungua kiungo, akakikausha na kukisugua kwa msasa. Matone yaliyobaki akayazuia kwa kipande cha mkate alichokisukuma ndani ya bomba, kiungo akakipaka dawa ya kushikisha lehemu, akalehemu upya, akafungulia maji. Hakikuvuja hata kidogo! Mchungaji wa kanisa letu, aliyekuja kushuhudia posa, akaenda kunawa. Bomba likakohoa, likamtemea mkate mkononi.

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. "Mpeni mke. Huyu hata bomba lake linalisha."

Kwa hiyo usirundike lehemu, baba. Fungua, kausha, uanze upya. Na ukiziba kwa mkate, wa kwanza kufungua bomba uwe wewe.

Bibi yako anayekuombea