Bangili za Mama

Tiwi

Dada Ummi, shikamoo. Za huko Lunga Lunga? Huku mvua imenyesha, mihogo imeshika.

Bangili za marehemu mama ninazo, usihangaike. Tangu kidani kipotee kabatini, nimetia nondo madirishani na kufuli mpya mlangoni. Bangili nikazificha kwenye mchele, nikazihamisha, nikazihamisha tena. Sasa nazivaa hata nikilala. Fundi wa nondo aliniuliza mwizi aliingilia wapi. Nikamtilia chai. Hakuna kilichovunjwa, dada.

Jana mchana tumejilaza, shemejiyo Jaafar akanishika mkono, kama siku zile tulipooana. Nikauvuta. Sikujua ameshika mkono au bangili.

Njoo uzichukue. Akinishika tena, nataka nijue ameshika nini.

Mdogo wako,
Hanifa