Nywele Zako Zilizobaki

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu. Ungeniuliza nimelelewa na nani.

Nimepewa tuzo ya watafiti vijana, kwa ile kazi yangu ya kutambua zebaki kwa rangi. Unaikumbuka chupa niliyokuja nayo likizo ile, yenye maji mekundu kama juisi ya rozela? Nilikwambia ni dhahabu, imegawanywa ikawa chembe ndogo mno, ndiyo maana haing'ai tena njano. Uliipokea ukaiinua juani, kisha ukalipa jua kisogo ukaitazama tena ndani ya kivuli chako, vilevile ulivyokuwa ukitazama karai kule mwaloni tulipokuwa tunaosha mchanga wa dhahabu. Ukasema, "Dhahabu nyekundu. Mwanangu, huko chuoni wameshawaibia." Nilicheka mpaka Baba akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Halafu nikatia matone ya maji niliyochota kwenye dimbwi la mwaloni. Wekundu ukageuka zambarau mbele ya macho yako, na wewe ukaacha kucheka. Ukauliza, "Inasema kila kitu?" Nikajibu kwa majivuno kwamba inasema kila kilicho na zebaki, hata nywele za mtu.

Tangu ulipoondoka narudia swali lako lile. Nalisikia vizuri sasa.

Kesho yake nilikuomba nywele. Nilishapata za wachimbaji wa Sekenke, nikawa nahitaji za mtu asiyegusa zebaki, ili nilinganishe. Nikakuchagua wewe. Uliacha kazi ya mwalo nilipoingia kidato cha tano, ulituambia hivyo wote, na alizeti yetu ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba. Ukasema, "Chukua za mama Neema hapo jirani, zangu zimekatika." Nikasema hapana, nataka zako. Ukasema tena, "Za mama Neema ni ndefu." Nikasisitiza. Ukaingia ndani kuchukua mkasi. Ulizifunga kwenye karatasi ya daftari ukanipa kwa mikono miwili. "Ukimaliza nirudishie zilizobaki. Nywele za mtu haziachwi kwa watu." Nikakuahidi.

Mama, ulikuwa unanikataza. Kwa nini sikusikia?

Nilipozipima, chupa iligeuka bluu kabla sijamaliza kupangusa kioo. Iligeuka kuliko za wachimbaji wote. Sheria ya kazi yetu ni kurudia kipimo mara tatu kabla ya kusema lolote, na mimi ndiye ninayewasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waifuate. Kwako sikurudia hata mara moja. Niliandika kwenye daftari la maabara "sampuli imechafuliwa", kama vile nimeona uchafu wenyewe kwa macho. Mama yangu ni mkulima, basi chombo ndicho kimekosea. Nikakata nywele za Rehema, tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja, zikabaki nyekundu safi, nikaendelea na kazi. Zako nikaziacha kwenye bahasha ndani ya droo. Juu yake nilikuwa nimeandika "Safi".

Ukaanza kutetemeka mikono. Uji ukawa unamwagika, nawe unasema ni uzee, ilhali hata hamsini hukuwa umefika. Ukavimba miguu. Daktari akasema figo. Hakuna aliyetaja zebaki, na mimi niliyejifunza zebaki miaka minne nilikaa pembeni ya kitanda chako nikikukatia machungwa.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, mama Neema alinivuta jikoni. Alikuwa ameshika kikaango chako kile kisicho na mpini. Akaniuliza, "Hiki ndicho mama yako alikuwa anatuchomea. Mtakihitaji, au nichukue mimi?" Nikauliza kuchoma nini. Alinitazama kama anayemtazama mtoto. "Dhahabu, Naomi, ile iliyoshikana na zebaki. Wanawake wote wa mwaloni tulimletea yeye, zebaki ikiondoka na moshi anatukabidhi punje yetu. Mkono wake haukuunguza. Ulifikiri alizeti ndiyo ilikusomesha?"

Alizungumza kwa upole, wala hakukusudia kuniumiza. Nilimwachia kikaango. Hata hilo silielewi, Mama. Nimesoma yote haya, halafu namwacha mtu anatoka jikoni kwetu na kikaango kile kwapani.

Niliporudi chuoni nilifungua droo. Safari hii nilirudia mara tatu. Bluu, bluu, bluu. Nikaweka tone chini ya hadubini ya elektroni, nikaona chembe za dhahabu zimejikusanya mafungu mafungu, kama watu waliosikia habari ya msiba. Siwezi kuapa kwamba zebaki ndiyo iliyokuua. Mtafiti mwaminifu hawezi kusema hivyo kwa nywele peke yake. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa, miezi kumi na minne kabla, na nikamwita aliyeniambia mchafu.

Sasa ninachotaka kukueleza ni hiki. Kabla ya sherehe, wasifu wa kila mshindi unaandikwa ili usomwe ukumbini na redioni, na kuwekwa kwenye mtandao. Dada wa ofisi ya habari ameniandikia wangu vizuri sana. Ametaja Sekenke, ametaja maji mekundu, na kuna sentensi isemayo, "Mama yake, mkulima wa alizeti, hakuwahi kujua kwamba binti yake angeokoa wachimbaji." Amenitaka nirudishe masahihisho leo kabla ofisi haijafungwa.

Nilimpigia Baba juzi, nikamweleza habari ya nywele zako na ya sentensi ile. Nilidhani atakasirika, hakukasirika. Alisema, "Nilijua. Alinikataza kukuambia, alisema utaacha shule." Halafu akasema, "Amelificha jambo hili miaka yote hiyo ili usilibebe, wewe unataka lisomwe kwenye kipaza sauti?" Msimamizi wangu naye ameliona lile daftari. Amesema sampuli moja ya mwanzoni haibadilishi matokeo, ila nikiamua kuitaja, niitaje yote, na kamati inaweza kuniuliza maswali. Maswali ya kamati siyaogopi sana. Namwogopea yule mama atakayesikia wasifu wangu redioni, jikoni kwake, kikaango kikiwa motoni, aambiwe kwamba mama wa mtafiti alilima alizeti tu, apate moyo wa kuendelea kuamini kwamba sumu ni ya walioko mashimoni.

Saa nane mchana huu nimefuta ile sentensi. Nimeandika hivi: "Mama yake aliwachomea dhahabu wanawake wa mwaloni, jikoni kwake, na kwa kazi hiyo akamsomesha. Nywele za mama huyo zilionyesha zebaki mapema, na mtafiti hakuziamini." Dada wa ofisi amenijibu akiuliza kama nina hakika, maana inaharibu mwisho mzuri. Nimemjibu kwamba nina hakika.

Nimelitoa jambo ulilolifunga. Sijui kama umenisamehe na sitajifanya najua. Ukiwa umenuna, nuna tu, Mama, kama ulivyokuwa unanuna ukisonga ugali bila kuongea, halafu unanipa mimi ukoko.

Jumamosi napanda basi kuja nyumbani. Nakuja na bahasha, na juu yake nimekata neno "Safi" nikaandika jina lako. Nywele zilizobaki ni chache, lakini ni zako, nitazifukia pale ulipo kama nilivyokuahidi. Kutoka hapo nitakwenda kwa mama Neema. Nitakaa jikoni kwake na chupa zangu, nitamwomba nywele, na akisema nichukue za mwingine nitajua kwa nini. Nitampima mara tatu. Ikigeuka bluu nitamwambia palepale, uso kwa uso, kisha nitamwomba kile kikaango, na sitatoka bila jibu.

Lala, Mama. Safari hii nitaamini ninachokiona.

Mwanao,
Naomi